Injini Isiyo na Kosa

Fundi alikuwa na tabia iliyowachosha wateja: hakugusa bisibisi kabla hajaiona mashine ikiumwa kwa macho yake. Ukimletea redio inayokoroma, atakwambia uiwashe ikorome, na yeye ataketi mbele yake ametulia kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Ukimletea feni, pasi au cherehani, ni yale yale. "Wewe usinieleze," atasema. "Iache ijieleze." Wateja wengine walimnunia wakahamia kwa yule wa mtaa wa pili, aliyekuwa akifungua kwanza na kufikiri baadaye. Wengi walirudi, maana yule wa mtaa wa pili kila alipofunga kitu, skrubu mbili zilibaki mezani, na alikuwa na maelezo mazuri sana kuhusu skrubu hizo.

Kwa hiyo kaka yake alipoingia kibandani asubuhi hiyo na kifurushi cha taulo kwapani, Fundi alisogeza makorokoro, akapangusa meza kwa kiganja, akangoja.

"Inashtuka," kaka alisema.

"Inashtukaje?"

"Inashtuka, Kidole. Ikiondoka inaruka, ikisimama inaruka, katikati inakwenda kama imelewa. Sijui imeingiwa na nini."

Duniani walibaki watu wawili tu wanaomwita Fundi jina hilo la Kidole: kaka yake, na mke wa kaka yake akiwa na hasira. Alilipata akiwa na miaka sita, siku alipotaka kujua umeme unakaa wapi ndani ya tundu la ukutani. Umeme ulimjibu. Kaka, wakati huo kijana wa miaka kumi na mitano, ndiye aliyembeba mbio hadi zahanati. Baadaye wazazi walipofariki, mmoja baada ya mwingine, akambeba katika mengine yote pia: shule, mafunzo ya ufundi, hata kwenda kumposea. Sasa Fundi alikuwa na mvi na wajukuu wawili, lakini mbele ya kaka yake bado alikuwa akisimama wima bila kujijua.

Ndani ya taulo kulikuwa na kichwa cha treni cha kijani, urefu wake kiganja na nusu, kina madirisha, ngazi na taa za mbele zinazowaka kweli. Na tuelewane mapema: ukimwambia kaka kwamba hicho ni kitu cha kuchezea watoto, utatoka kwake bila chai. Wenzake wa karakana ndio waliompa siku anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kuendesha treni ya abiria. Walimpa pamoja na reli zake, mabehewa manne na kisanduku cha kuendeshea, na hawakuchagua zawadi hiyo kwa kubahatisha. Kazini walikuwa wakimwita Maziwa, kwa sababu mama mwenye mtoto angeweza kumimina maziwa kikombeni wakati treni inaondoka kituoni, na tone lisidondoke. Madereva wengine walikuwa wakiing'oa treni kama jino. Maziwa aliiondoa hivi kwamba abiria waliokuwa dirishani walidhani ni kituo kinachorudi nyuma.

Fundi akaiweka injini juu ya kipande cha reli alichokuwa nacho, akaunganisha waya mbili, akapandisha umeme taratibu. Injini ikaondoka bila kuruka. Akaisimamisha, ikasimama. Akaipeleka mbele, akairudisha nyuma, akaipa umeme kiduchu mpaka ikawa inatambaa, magurudumu yanahesabika. Ilikwenda vizuri mno.

"Hapa haishtuki, kaka."

"Hapa inajifanya. Si unajua mgonjwa akifika kwa daktari?" Kaka akacheka, na Fundi akacheka naye. "Iache ilale kwako. Ikizoea itaonyesha rangi zake."

Kaka akaaga, mkono wa kulia ameutia mfukoni mwa koti. Jua lilikuwa kali siku hiyo, na Fundi alijiuliza koti la nini. Hakujiuliza sana.

Injini ndogo kama hizo zina magonjwa yanayojulikana. Inayosimama kila mara mahali pale pale, kosa ni la reli: kiungo kimelegea. Inayosimama popote, magurudumu yameshika uchafu na umeme haupandi. Inayonguruma bila kwenda ina gia iliyopasuka, au unywele umejiviringisha kwenye ekseli. Inayonuka imetiwa mafuta na mtu mwenye huruma kuliko akili. Na ile inayoruka wakati wa kuondoka, mara nyingi ni brashi za kaboni ndani ya mota zimekwisha, au grisi imeganda kwenye gia. Fundi aliyajua yote hayo. Alichokuwa hajawahi kukifanya ni kutibu ugonjwa ambao hajauona. Lakini huyu alikuwa kaka yake, kaka amesema inashtuka, na kaka hasemi uongo kuhusu treni. Basi kwa mara ya kwanza akaivunja sheria yake. Akaifungua injini nzima. Akasafisha magurudumu kwa pamba na spiriti, akabadilisha brashi ambazo zilikuwa bado na nusu ya maisha, akafuta grisi ya zamani na kutia mpya, tone moja moja kwa ncha ya sindano.

Akairudisha. Baada ya siku mbili kaka alikuwa kibandani tena na taulo lake.

"Vile vile," alisema. "Naona imezidi."

Mara ya pili Fundi alibadilisha waya. Mara ya tatu alibadilisha mota yenyewe, akaihamisha kutoka kwenye injini nyingine ambayo mwenyewe hakuwahi kurudi kuichukua. Kila mara, kwenye meza ya kibandani, injini ilikwenda kama imetoka dukani jana. Kila mara, nyumbani kwa kaka, ilishtuka. Fundi alianza kuota gia. Mkewe akamwuliza kama ameajiriwa na shirika la reli siku hizi, maana mazungumzo mengine yamekwisha.

"Nakuja kwako kesho," akamwambia kaka. "Nataka niione ikifanya vituko vyake."

"Ndivyo ungefanya tangu mwanzo. Unazeeka, Kidole."

Chumba kilikuwa mwisho wa korido, kile walichokuwa wakilala watoto wa kaka kabla hawajaenda kujitegemea. Vitanda vilikuwa vimetolewa. Badala yake palisimama meza kubwa ya mbao nyembamba, imefika kiunoni, na juu yake reli iliyozunguka ukingo wote wa meza, na tawi moja lililoingia kituoni na kuishia kwenye kigogo cha kuzuia treni. Kituo kilikuwa cha viberiti vilivyopakwa rangi ya maziwa. Pembeni ya jukwaa kulisimama njiti moja nyekundu: hapo ndipo dirisha la dereva lilipaswa kusimama, si kabla, si baada. Ukutani kulikuwa na ratiba iliyoandikwa kwa mkono. Kila siku baada ya chai ya asubuhi kaka alifunga safari moja kamili: kuondoka, mizunguko mitano, kuingia kituoni, kusimama kwenye njiti. Juu ya behewa la mwisho aliweka kizibo cha chupa kilichojaa maji, ili ajue.

Siku hiyo meza ilikuwa na madoa ya maji kila mahali.

Fundi alianza na reli. Alizipangusa zote, akakaza viungo, akapitisha kidole juu ya kila kimoja. Kisha akatoa mita yake, ile ya zamani yenye mshale, akaunganisha waya zake kwenye reli apate kuona umeme unapotea wapi. "Haya," akasema. "Endesha kama kawaida. Mimi natazama."

Kaka akasogea kwenye kisanduku. Kilikuwa kisanduku cha kawaida, chenye kirungu kimoja cha kuzungusha kwa dole gumba na kidole cha shahada. Akatoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka juu ya kirungu.

Injini ikaruka. Ikaenda, ikasita, ikaruka. Maji yakamwagika kabla ya kona ya kwanza.

"Umeona?" kaka akasema, kwa ushindi kabisa. "Si nilikwambia?"

Fundi alikuwa ameona. Alikuwa akitazama mshale wa mita, na mshale ulikuwa unacheza: kushoto, kulia, kushoto, kulia, mara nne au tano kila sekunde. Akainua macho kidogo, akaliona dole gumba la kaka yake juu ya kirungu. Lilikuwa linacheza vile vile, kwa mwendo ule ule, wala halikupishana na mshale hata mara moja.

Shemeji akaita kutoka sebuleni kwamba kuna mtu wa maji mlangoni, anataka kusoma mita. Kaka akaachia kirungu kikiwa katikati, akatoka. Injini ikabaki peke yake ikizunguka meza, laini, bila kusita hata chembe. Mshale ulisimama tuli. Fundi akaitazama ikizunguka mara tatu, na roho yake ikawa inashuka kila ilipopita. Alitamani aione ikichechemea. Hakuwahi kuomba mashine iwe mbovu, lakini siku hiyo aliomba.

Akamkuta shemeji chumba cha kulia, mbele ya cherehani. Alikuwa mshonaji tangu usichana wake. Alikuwa anang'oa vifungo vya shati la mumewe na kuweka zipu mahali pake.

"Umeona," shemeji alisema bila kuinua kichwa.

"Nimeona."

"Nilijua utaona tu. Wewe unatazama vitu mpaka vinaona haya." Akakata uzi kwa meno. "Tumekuwa hivi mwaka wa pili sasa. Kijiko ni chepesi mno. Kalamu za siku hizi ni ovyo. Wembe umetengenezwa na wezi. Vifungo vimekuwa vidogo. Na mimi nakubali, shemeji. Nimevilaumu vifungo mpaka nimevionea huruma. Humu ndani kila kitu kina hatia isipokuwa yeye."

"Daktari anasemaje?"

"Dawa itapunguza mwendo wa ugonjwa. Kilichokwenda hakirudi. Aliyasema hayo na kaka yako yupo. Na kaka yako akauliza swali moja tu: mtu akiwa amefanya kazi moja miaka mingi, mkono hauwezi kuikumbuka ile kazi ukatulia? Daktari akasema, labda. Alisema ili tutoke, kulikuwa na watu wengi kwenye foleni." Akaliweka shati chini. "Basi kalishika hilo labda. Ananiambia, mama, mkono unatetemekea vijiko, treni hauwezi kuitetemekea. Kimembakia hicho kirungu tu. Usimwambie, shemeji, tafadhali. Siku atakayojua kwamba na treni pia imekwenda, mimi sitaki kuwepo, na sina pa kwenda."

Kaka akarudi kutoka mlangoni akilalamika kuhusu mtu wa maji, akamkuta mdogo wake amesimama wima katikati ya chumba.

"Vipi? Umelipata?"

"Nimelipata," Fundi akasema. "Ni kisanduku."

"Kisanduku!" Uso wote wa kaka ulifunguka. "Mimi nilihisi. Mama, unasikia? Ni kisanduku!"

"Nasikia," shemeji akasema, na cherehani ikaanza tena kwa kelele kuliko ilivyohitajika.

Fundi alikibeba kisanduku hadi kibandani, akakiweka mezani, akakaa akikitazama mpaka chai yake ikapoa. Hakikuwa na kosa. Hata hivyo akakifungua. Nyuma ya kirungu akalehemu kapasita moja kubwa, kile kidude cha mviringo kinachobugia umeme na kuutoa polepole. Sasa hata ukizungusha kirungu kwa pupa, umeme ungepanda pole pole. Hata ukitetemeka, mtetemo ungezama humo ndani usifike kwenye reli. Akajaribu. Akautikisa mkono wake mwenyewe kwa makusudi, kwa mwendo ule aliouona. Injini ikaondoka kwa ulaini wa ajabu. Fundi aliona haya, akatazama mlangoni kama kuna mtu. Kisha akajiambia kwamba injini inatembea vizuri, na kutembeza vizuri ndiyo kazi aliyoombwa.

Tuseme ukweli, kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Kwa siku tisa nyumba ile ilipata mtu mpya. Kaka alimpigia Fundi simu siku ya kwanza kumwambia kizibo kimezunguka mara tano kimejaa. Siku ya tatu akapiga kumwambia amewaalika wenzake wawili wa zamani waje waone. Siku ya sita akajinyoa mwenyewe, akajikata pahali pawili, akasema wembe umeanza kupata akili. Shemeji alimwambia Fundi kwa sauti ya chini, "Mungu akubariki," naye Fundi akajibu "Amina."

Siku ya kumi ni shemeji aliyepiga. "Njoo, Kidole," alisema. Hakusema shemeji.

Alimkuta kaka amekaa kwenye kiti kando ya meza, mgongo umenyooka, kama mtu anayengoja kuhojiwa. Injini ilikuwa mapajani mwake. Ngazi moja ilikuwa imekatika, taa moja imevunjika, na gurudumu la mbele limetazama upande wake lenyewe. Kigogo cha mwisho wa reli kilikuwa chini, kule ukutani.

"Kaa," kaka alisema.

Fundi akakaa kwenye stuli.

"Siku zote hizi nilikuwa naingia kituoni taratibu; leo nikaingia kwa mwendo wa kazini. Nikakata umeme pale ninapokata siku zote. Haikusikia. Nikarudisha kirungu mpaka mwisho, hadi kikagota. Haikusikia, Kidole. Ilipita njiti, ikapita jukwaa, ikagonga kigogo, ikaanguka sakafuni. Miaka thelathini na moja sijawahi kupita alama ya kusimama. Waulize. Hakuna karatasi yoyote popote inayosema nilipita alama."

"Kaka..."

"Ngoja. Saa nzima nilikaa hapa nikidhani ni mkono wangu." Alisema hivyo akitazama reli. "Saa nzima. Nikajiambia, basi, na huu umekwisha. Kisha nikaona, hapana, mimi nilikata. Nimekata treni mara elfu ngapi, siwezi kukosea kukata. Nikaweka behewa moja tupu, nikaiweka na injini hivyo hivyo ilivyo mbovu, nikakizungusha kirungu mbele na nyuma, mbele na nyuma, haraka haraka. Yenyewe inaburuta gurudumu lake na kwenda zake tu. Haina habari na mimi. Nikaelewa kwamba siku zote tisa sikuwa ninaendesha." Akainua macho. "Umeweka nini ndani ya kisanduku?"

Fundi angeweza kudanganya tena. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa amesimama, hajui aliinuka saa ngapi, na mikono yake ilikuwa imenyooka kandoni kama ya mtoto.

"Kapasita," akasema. "Inaulainisha umeme."

"Inaulainisha dhidi ya nini?"

Fundi akageuka. Shemeji alikuwa mlangoni, ameshika kitasa.

"Injini isiyosikia mkono ni injini iliyokimbia," kaka akasema polepole. "Hakuna dereva asiyeiota hiyo. Unakata, haisikii, unapiga breki, haisikii, na nyuma kuna watu mia nne wanakunywa chai. Na wewe umenitengenezea moja, ukaileta nyumbani kwangu, ukaniambia imepona."

"Nilitaka itembee vizuri."

"Kutembea vizuri ni kusikia, wewe! Ulaini unakuja baadaye." Mkono wa kulia ulikuwa ukigonga paja bila yeye kutaka, ta ta ta ta, naye akaufunika kwa wa kushoto. "Ondoa."

Fundi akaondoa. Alikuwa na vifaa vyake kwenye begi, hakuwahi kutoka bila begi. Alikifungua kisanduku mbele ya kaka yake, akaitoa kapasita, akairudisha waya ilivyokuwa. Kisha akaichukua injini. Angalau hapa palikuwa na kosa la kweli, na mikono yake ilipata nafuu kulishika. Akalinyoosha gurudumu, akapima nafasi kati ya magurudumu, akaitoa ekseli akaibingirisha juu ya kioo aone kama imepinda. Haikupinda. Akaweka taa mpya. Ngazi aliigundisha. Ilimchukua muda mrefu na hakuharakisha. Shemeji alileta chai, na hakuna aliyeigusa.

"Tayari," akasema mwishowe.

Akaijaribu kwanza yeye. Ilikwenda, ikasimama kwenye njiti. Akasogea pembeni.

Kaka akainuka. Akauweka mkono juu ya kirungu, akafumba macho kidogo, akashusha pumzi. Fundi alijikuta naye amebana pumzi, shemeji vile vile. Mkono ulitulia. Kweli ulitulia, kwa muda wa kuhesabu mbili. Kisha ukaanza.

Injini ikaruka, ikasita, ikaruka. Iliizunguka meza nzima hivyo, na kaka hakuiachia. Aliipeleka mpaka kituoni, akakata, na ikasimama kwa kuruka mara mbili, dirisha likiwa sawasawa na njiti nyekundu. Haikupita hata unywele. Lakini kila behewa lilikuwa limeligonga la mbele yake, na kwa sauti ile mtu yeyote aliyewahi kupanda treni angejua kwamba abiria wamemwagikiwa.

Kaka akarudi kwenye kiti.

"Nijibu kama fundi," akasema. "Usinijibu kama mdogo wangu. Brashi?"

"Mpya."

"Gia?"

"Nzima zote. Nimehesabu meno."

"Mota?"

"Niliibadilisha mwezi uliopita."

"Magurudumu?"

"Umeniona nikiyanyoosha. Yako sawa."

"Reli basi. Pale kwenye kona, nilikuwa naona kama..."

"Nimepima reli yote, kaka. Haipotezi kitu."

"Waya za chini ya meza?"

"Nzima."

"Kirungu chenyewe? Mle ndani huwa kunaingia vumbi. Wewe mwenyewe uliniambia zamani, redio zinakoroma kwa sababu ya vumbi kwenye kirungu."

"Nilikisafisha nilipokifungua. Hakina vumbi."

Kaka alitikisa kichwa kwa kila jibu, kama mtu anayeweka alama kwenye orodha, na kila alipotaja kitu sauti ilipungua. Mtu mwingine angedhani anamhoji Fundi. Fundi alijua kwamba anaombwa. Kila neno lilikuwa ni mkono umenyooshwa, naye kila mara akaurudisha mtupu, kwa sababu alikuwa ameambiwa ajibu kama fundi, na kwa sababu uongo wake tayari ulikuwa umelala pale mezani, mviringo, na miguu miwili ya waya. Akatafuta ndani ya kichwa chake kosa lolote, dogo, la kweli, la kumpa ndugu yake. Hakupata. Alikuwa amefanya kazi nzuri mno.

"Umeme wa nyumba?" kaka akauliza. "Mtaa huu umeme wake si mzuri."

"Ni mzuri," Fundi akasema. "Injini haina kosa, kaka."

Shemeji akageuka akaenda zake na korido. Walisikia mlango wa chumba chake ukifungwa.

Kaka alikuwa akiitazama injini pale kituoni, na taa zake mbili zilikuwa bado zinawaka, moja ikiwa mpya. Halafu akauchukua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akautia chini ya paja lake, akaukalia. Akasogeza kiti mpaka ukingoni mwa meza.

"Tafuta tena," akasema.

Fundi alitaka kumwambia kwamba hakuna cha kutafuta. Akamtazama usoni, akaona kwamba anajua.

Akaiinua injini kutoka kwenye reli, akaigeuza magurudumu juu, akachukua bisibisi, akaanza na skrubu ya kwanza.